Aliye Juu Mngoje Chini: Kiroketi Kishukacho kwa Mapanga



Usiku huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo, ambacho urefu wake aghalabu haupiti dhiraa moja, na uzito wake haufikii wa embe bivu, nacho ni kiroketi kilichoundwa kwa karatasi na mti mwepesi, kinachorushwa mbinguni kwa baruti ya kiasi cha kidole gumba, na ambacho kikifika ukomo wa safari yake hakishuki kwa mwavuli kama wafanyavyo wenzake, bali hukunjua mapanga matatu yaliyokuwa yamelala mbavuni mwake, yakaanza kuzunguka kama mapanga ya helikopta, kikateremka taratibu, pasipo injini wala rubani, hata kikalala nyasini kizima kama kilivyoondoka.

Yamkini msikilizaji mmoja akasema moyoni mwake kwamba huu ni mchezo wa watoto, na kwamba redio ina mambo makubwa zaidi ya kuzungumza. Sitabishana naye. Nitamwomba tu anipe robo saa ya subira, kwa maana mchezo huu una ndani yake swali moja ambalo wakubwa wengi wamelikwepa, nalo ni hili: kilichopanda kitashukaje?

Wazee wetu walisema, aliye juu mngoje chini, na mithali hiyo tumezoea kuitamka kwa kinyongo, tunapomwona mtu amepata cheo akawasahau waliomshikia ngazi. Kwa muundaji wa viroketi si neno la kinyongo hata kidogo, bali ni kanuni ya kazi yake. Yeye ndiye aliyempandisha aliye juu, yeye ndiye anayemngoja chini, na taabu aliyoipata kwa ajili ya kumpokea ni kubwa mara nyingi kuliko taabu aliyoipata kwa ajili ya kumpandisha.

Sisi watu wa pwani si wageni wa roketi. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliano walisimamisha baharini jukwaa lao la San Marco, na kutoka hapo, tarehe 26 Aprili 1967, ikarushwa setilaiti yao iliyochukua jina la jukwaa hilo. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Roketi zilizozibeba zilikuwa za aina ya Scout, zenye vipande vinne, na kila kipande kilipokwisha moto wake kiliachwa nyuma, wala hapakuwa na mtu aliyesimama ufukweni akitarajia kukipokea. Roketi kubwa ile haikuulizwa itarudije. Kiroketi cha dhiraa moja huulizwa, na hakina budi kujibu, kwa kuwa mwenyewe anataka kukirusha tena kabla ya jua kuchwa.

Mchezo wenyewe ulianza Marekani, tena dukani mwa viatu. Katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, alikuwako muuza viatu jina lake Orville Carlisle, aliyekuwa na mapenzi makubwa ya fataki, na ndugu yake Robert alikuwa na mapenzi ya ndege za mfano. Na mwaka 1954, huyo ndugu alipohitaji kitu cha kuwaonyesha watu katika hotuba zake juu ya urukaji wa roketi, Orville akakusanya maarifa ya wote wawili, akaunda kiroketi cha karatasi chenye mapezi ya mti, kilichopanda kwa baruti na kushuka kwa mwavuli. Siku zile vijana wengi wa Marekani walikuwa wameshikwa na wazimu wa roketi, na wazimu huo ukazidi Warusi waliporusha setilaiti yao, Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957. Wakawa wanashindilia baruti na madawa katika mabomba ya chuma majumbani mwao, na wako waliopoteza vidole, na macho, hata roho zao. Mhandisi G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa majaribio wa White Sands huko New Mexico, na aliyekuwa ameandika gazetini juu ya usalama wa kazi ya roketi, alipokea mwanzoni mwa mwaka huo wa 1957 barua kutoka kwa muuza viatu, pamoja na mifano ya viroketi vyake, akafahamu kwamba dawa imepatikana: kijana asiunde injini, bali ainunue ikiwa tayari, ya karatasi tupu isiyo na chuma, kisha aachiwe aunde vyote vilivyobaki kwa mikono yake. Mwaka 1959, huko Colorado, Vernon Estes akaunda mashine ya kushindilia injini hizo kwa wingi, akaipa jina la kike, Mabel, na tangu hapo muundaji wa viroketi akawa hana haja ya kugusa baruti iliyo wazi.

Injini hiyo yastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake hamna moto peke yake, mna na saa. Ni mrija wa karatasi ngumu, iliyo ya kawaida ikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 70, na ndani yake tabaka zimeshindiliwa moja juu ya moja. Chini kabisa ni udongo wa mfinyanzi wenye tundu la kupitishia moto. Juu yake ni baruti nyeusi inayosukuma. Juu ya baruti ni tabaka linaloungua polepole, lisilosukuma chochote, likitoa moshi tu, nalo ndilo saa. Na juu ya hilo ni baruti kidogo ya mwisho, ambayo hailipuki kuelekea chini kama ile ya kwanza, bali hupuliza kuelekea juu, ndani ya tumbo la kiroketi. Ubavuni huandikwa maneno mafupi kama haya: C6-5. Herufi hueleza jumla ya msukumo, na C ni zaidi ya newtoni-sekunde 5 mpaka 10, kila herufi ikiwa na upeo ulio maradufu ya upeo wa ile iliyoitangulia; tarakimu ya kwanza hueleza wastani wa nguvu, newtoni 6, ambazo ni takriban uzito wa gramu 600; na tarakimu ya mwisho husema kwamba, baruti ya kusukuma ikisha kuungua, zitapita sekunde 5 kabla ya pumzi ile ya juu kutoka.

Sekunde hizo tano ndizo zinazotia shaka moyoni. Kiroketi kimekwisha moto lakini hakijaisha mwendo. Kinaendelea kupanda kwa kasi iliyobaki, kikipungua, kikipungua, hata kufika mahali ambapo hakipandi tena wala hakijaanza kushuka. Hapo, na hapo tu, ndipo mapanga yanapotakiwa kufunguka. Yakifunguka kabla, yatakutana na upepo wa kasi, yavunjike kwenye bawaba kama matawi makavu. Yakifunguka baadaye, kiroketi kitakuwa kimekwisha geuza kichwa na kushika kasi ya kuja chini, nayo yatavunjika vilevile. Mwenye mwavuli husamehewa kosa la sekunde moja, kwa sababu kitambaa hupinda na kamba hunyooka, lakini mti hausamehe. Na kwa hiyo muundaji wa mapanga hukipima kiroketi chake kwa mizani, akachagua injini kwa hesabu, ilhali mwenziwe huchagua kwa kukisia.

Sasa tufike kwenye mapanga yenyewe. Hutengenezwa kwa ubao mwembamba wa balsa, mti wa Amerika ya Kusini ulio mwepesi kupita miti mingi, kila panga likiwa na urefu unaokaribia wa kiwiliwili, likapigwa msasa hata ukingo wake wa mbele ukawa wa mviringo na wa nyuma ukawa mwembamba, kama ubawa wa ndege. Mara nyingi huwa matatu, kwa kuwa matatu huenea vizuri kuuzunguka mrija na huzunguka pasipo kuyumba. Kila moja hufungwa karibu na kichwa cha kiroketi kwa bawaba ndogo, na kila bawaba huwa na mpira unaolivuta panga lifunguke. Yaani panga lataka kufunguka tangu mwanzo, na kinachohitajika si cha kulifungua, bali cha kulizuia.

Kinachozuia ni uzi. Katika namna moja ya uundaji, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye hekima zaidi, uzi mwembamba huyafunga mapanga yote yakalala mbavuni, kisha hupitishwa katika matundu mawili, ukakatiza ndani ya mrija, mbele ya injini. Na pumzi ya moto inapotoka, jambo la kwanza inalolikuta njiani ni uzi huo, ikauunguza, na mara moja mipira mitatu huvuta mapanga matatu. Tazama uzuri wa shauri hili: saa, ufunguo na kufuli ni kipande cha karatasi na kipande cha uzi, na hapana umeme wala chuma. Lakini tazama na udhaifu wake. Uzi ukiwa mnene, hauungui wote. Bawaba ikiwa na gundi iliyomwagika, panga moja hubaki limelala huku mawili yakifunguka, na kiroketi huja chini kikitapatapa kama ndege aliyepigwa manati. Ndiyo maana muundaji mzoefu, kabla ya kwenda uwanjani, hukaa mezani akayafunga mapanga na kuukata uzi kwa wembe mara kumi na mara ishirini, na mradi kuna hata mara moja ambayo panga limesita, hathubutu kukirusha.

Yakisha kufunguka, hayalali sawasawa kama mstari. Ncha zake huinuka kidogo, mfano wa mikono ya mtu aombaye dua, na mrija pamoja na ganda la injini huning'inia chini yake, hata kiroketi kikasimama wima kama timazi. Tena kila panga huinamishwa, ukingo wake wa mbele ukielekea chini kwa nyuzi chache tu, na yote huinamishwa kwa mwelekeo mmoja wa mzunguko. Mawili yakielekea kulia na la tatu kushoto, litapingana na wenzake na kazi yote itakwenda bure.

Hapa ndipo penye fumbo. Nani anayeyazungusha? Injini imekwisha, mpira umekwisha kuvuta, na hewa inakuja kutoka chini, moja kwa moja. Mtoto aliyepata kukimbia na kititia cha ukuti atajibu kwamba upepo ukipiga kitu kilichoinama hukisukuma kando, na jawabu lake ni sahihi kwa mwanzo wa safari. Lakini panga likisha kushika kasi, mambo hubadilika, na jawabu lililo kamili zaidi tutalipata kwa nahodha wa jahazi. Nahodha anapokwenda joshi, upepo haumpigi mgongoni. Unamjia kutoka mbele na ubavuni, na mtu wa bara angedhani kwamba chombo kitarudishwa nyuma. Hakirudi. Tanga lililokazwa vizuri huugeuza upepo huo ukawa mvuto, na sehemu ya mvuto huo huelekea mbele, chombo kikasonga. Panga nalo liko katika hali hiyohiyo: kwa kuwa linazunguka, hewa hulijia kutoka mbele, kwa kuwa linashuka, hewa hulijia kidogo kutoka chini, na mvuto unaozaliwa na hizo mbili huelekea juu, lakini umeinamia mbele kidogo. Sehemu yake iliyo kubwa hukibeba kiroketi kisianguke, na sehemu yake iliyo ndogo hulisukuma panga liendelee kuzunguka. Hivyo kile kile kinachotaka kukivunja, yaani kuanguka, ndicho kinacholipa gharama ya kukishusha salama. Mti wa tipuana, ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini ukapandwa kando ya barabara za Nairobi, huzijua hesabu hizi. Mbegu yake ina bawa moja tu, nayo hushuka ikizunguka, ikachelewa kufika chini, na upepo ukapata wasaa wa kuichukua mbali na mama yake.

Binadamu wa kwanza kuitegemea kanuni hiyo kwa chombo kilichobeba mtu na kufaulu alikuwa Mhispania Juan de la Cierva. Mwaka 1919 ndege aliyoiunda ilianguka kwa kupoteza kasi karibu na ardhi, akaazimia kuunda chombo ambacho kupungua kwa kasi hakutakiangusha. Vyombo vyake vya kwanza vilipinduka, kwa kuwa panga linalokwenda mbele hubeba zaidi ya lile linalorudi nyuma, hata alipoyatia mapanga yake bawaba yakaweza kuinuka na kushuka yenyewe, na Januari 1923, karibu na Madrid, chombo chake cha nne kikaruka. Siku chache baadaye injini yake ilizimika kikiwa hewani, na badala ya kuanguka kikateremka polepole kikatua. Tena ni ajabu ya kadari kwamba huyu aliyetafuta usalama wa angani maisha yake yote alifariki Desemba 1936 katika uwanja wa Croydon, London, akiwa abiria tu katika ndege ya kawaida. Rubani wa helikopta leo, popote alipo, hufundishwa kushuka kwa kanuni hiyohiyo injini inapozimika.

Na wako waliotaka kuirudisha roketi halisi kwa njia hii. Katika jangwa la Mojave, California, kampuni iitwayo Rotary Rocket iliunda chombo chenye umbo la pia iliyopinduliwa, kirefu kiasi cha mita 19, kikaitwa Roton, na juu yake yakawekwa mapanga yaliyotolewa katika helikopta ya Sikorsky S-58. Shabaha ilikuwa chombo cha kipande kimoja kipae mbinguni kwa moto na kirudi kwa mapanga. Mwaka 1999 kiliruka mara tatu, kikiongozwa na marubani wawili, Marti Sarigul-Klijn na Brian Binnie, wala hakikupata kuinuka mbali na ardhi. Kisha fedha zikakauka, na mwaka 2001 kampuni ikafunga milango. Chombo chenyewe kingalipo huko Mojave, kimesimama uwanjani, watu hukitazama. Basi jambo ambalo matajiri walilishindwa kwa upungufu wa fedha, kijana wa miaka kumi na mitano hulitimiza Jumamosi asubuhi kwa balsa, uzi na mipira mitatu, na hata katika mashindano ya kimataifa ya vyombo hivi liko darasa lake maalumu, liitwalo S9, ambamo mshindi hupatikana kwa saa: aliyekawia zaidi angani akizunguka ndiye bora.

Sisemi kwamba mapanga ni bora kuliko mwavuli kwa kila hali. Mwavuli ni rahisi, huchukua nafasi ndogo, na mtu huukunja kwa dakika moja. Lakini mwavuli huficha makosa ya muundaji, na mapanga huyafichua. Anayeshusha kwa mwavuli aweza kuunda viroketi mwaka mzima pasipo kujua uzito wa kimojawapo. Anayeshusha kwa mapanga hujifunza mizani, na wakati, na mti, na upepo, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kikipuuzwa humrudishia chombo chake vipande vipande. Kwa sababu hiyo nasema kwamba, kama ningekuwa mwalimu wa ufundi, ningewaambia wanafunzi wangu waanze kuchora kushuka kwanza, na kupanda baadaye.

Sina budi kumalizia kwa hadhari na kwa ombi. Hadhari ni hii: asithubutu kijana yeyote anayenisikia usiku huu kutafuta baruti au kuchanganya madawa nyumbani, maana mchezo huu ulizaliwa ili kuwaokoa vijana na jambo hilohilo. Hata wenye injini za dukani huwasha kwa waya wa umeme, wakisimama umbali wa mita zisizopungua 5, huhesabu kurudi nyuma kwa sauti, na kiroketi kisipowaka hungoja dakika nzima kabla ya kukisogelea.

Na ombi ni hili. Kesho, chukua kipande cha karatasi chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa 6. Kipasue katikati kutoka juu mpaka nusu ya urefu, upate mbawa mbili. Moja ikunje ije upande wako, ya pili ikunje iende upande wa pili. Nusu ya chini ikunje iwe nyembamba, na ncha yake uibane kwa kibanio cha karatasi. Panda juu ya roshani, au simama juu ya kiti, uiachie, nayo itashuka ikizunguka. Geuza mikunjo, ya kwako iende huko na ya huko ije kwako, itazunguka kinyume. Kisha mbawa zote mbili zikunje upande mmoja, uiachie tena kutoka palepale, na haitazunguka kama mwanzo, itaporomoka tu.